Nyota Zipwitazo, na Jinsi ya Kuzitambua kwa Mwanga Wake

Watu wengi hudhani kwamba nyota za mbinguni hazibadiliki kamwe. Jua huchomoza na kutua, mwezi huandama na kupungua, mvua huja na kwenda zake, lakini nyota, wasema, zi vile vile tangu siku za babu zetu. Mkulima wa zamani alikitazama Kilimia apate kujua majira ya kulima, na nahodha wa pwani aliziandama nyota ili afike bandarini salama. Wote wawili waliziamini kwa kuwa hazikuwahadaa.

Walakini ziko nyota zisizokaa katika hali moja. Mwanga wake huzidi, kisha hupungua, kisha huzidi tena, mithili ya kifua cha mtu aliyelala usingizi. Wenye elimu ya falaki huziita nyota geugeu; na zile zigeukazo kwa kuvimba na kunywea mwili wake wenyewe, twaweza kuziita nyota zipwitazo. Mojawapo hupita karibu na utosi wa mtu asimamaye Kiandutu, kando ya mji wa Thika, wala haimlazimu mtu huyo kununua darubini ili aione. Yampasa awe na macho mazima, daftari, penseli, na saburi.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi nyota hizo zinavyotambuliwa, kila moja na kabila yake, na jinsi kosa la kuchanganya kabila mbili lilivyoharibu hesabu za wataalamu wa dunia kwa muda wa miaka karibu thelathini.

NYOTA ILIYO KATIKA TAI

Kiandutu iko kusini ya ikweta kwa kiasi cha digrii moja tu. Kwa sababu hiyo mtu wa huko aweza kuziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini pia, bahati ambayo watu wa London na wa Cape Town hawakujaliwa. Mwezi wa Septemba, mawingu ya baridi ya Julai na Agosti yakiisha kupungua, toka nje yapata saa mbili za usiku, ukatazame juu kabisa. Utaona nyota nyeupe yenye kung'aa sana, nayo ina nyota ndogo moja kila upande, zote tatu zikiwa kama katika mstari mmoja. Ile ya katikati ni Altair, jina lililotoka katika Kiarabu, maana yake ni arukaye; kwa kuwa Waarabu walimwona pale tai akiruka.

Sasa fuata mstari wa nyota hizo tatu kuelekea kusini. Ipite ile ndogo ya upande huo, iitwayo Beta Aquilae, uendelee mbele kiasi cha mara mbili ya nafasi iliyo kati yake na Altair. Hapo utaikuta nyota ya kiasi, isiyomvuta mtu macho. Hiyo ndiyo Eta Aquilae. Tarehe 10 Septemba mwaka 1784, Edward Pigott wa mji wa York, Uingereza, alitambua kwamba mwanga wake haukuwa kama alivyouona hapo kwanza. Mwezi uliofuata rafiki yake John Goodricke, kijana aliyekuwa kiziwi, aliona jambo lilo hilo katika nyota ya kaskazini iitwayo Delta Cephei. Goodricke alifariki mwaka 1786, hali ana umri wa miaka 21 tu. Lakini ni nyota yake iliyotoa jina la kabila yote, nazo huitwa Sefidi hata leo.

NAMNA YA KUANDIKA

Mwanga wa nyota hupimwa kwa madaraja, na jambo moja lataka kukumbukwa: daraja yenye tarakimu ndogo ndiyo yenye mwanga mwingi, kama vile mwanafunzi wa kwanza alivyo mbele ya wa nne. Karibu na Eta Aquilae ziko nyota nne zisizotupa shida, nazo zatufaa kama mawe ya mizani: Theta ni ya daraja 3.2, Delta ni ya 3.4, Beta ni ya 3.7, na Iota ni ya 4.4. Kila usiku mtazamaji ailinganishe nyota yake na hizo. Akiona imepungukiwa na Beta lakini yaishinda Iota, na tena yaelekea zaidi kwa Beta, aandike 3.9. Kisha aandike tarehe na saa, afunge daftari, akalale.

Kazi hii ni nyepesi kueleza, lakini ina mtego wake. Mtu akiisha kujua kwamba nyota yake inapungua, macho yake humwonyesha upungufu hata siku ambayo haukuwapo. Kwa hiyo asitazame maandiko ya jana kabla ya kuamua ya leo. Na usiku wa mawingu aandike kwamba palikuwa na mawingu, wala asijaze nafasi kwa kubahatisha. Karani yeyote ajua hasara ya daftari lililojazwa kwa kukisia: afadhali pengo la kweli kuliko tarakimu ya uongo.

Baada ya majuma kadhaa, achukue karatasi ya miraba. Siku aziandike chini kwa mstari wa kulala, na madaraja ayaweke kandoni kwa mstari wa kusimama, kisha atie nukta moja kwa kila usiku. Nukta hizo zikiunganishwa ndizo zifanyazo mstari wa mwanga. Ataona kwamba nyota hupanda hata daraja 3.5, ikikaribia kulingana na Delta, kisha hushuka mpaka 4.4, ikawa sawa na Iota, na kwamba safari yote ya kupanda na kushuka huchukua siku 7 na saa 4 na robo hivi.

Hizo saa 4 za ziada ni faida kubwa. Kama kipindi chake kingekuwa siku 7 kamili, mtu atazamaye saa mbili za usiku angezikuta zile zile hali saba kila juma, wala asingejua yaliyotokea mchana. Lakini kwa kuwa nyota huchelewa kidogo kila juma, katika muda wa siku 40 hivi nukta mpya hujaza nafasi zilizokuwa tupu. Ndipo mtazamaji huyakunja majuma yote, juma juu ya juma, kama mtu akunjaye kitambaa, na sura ya mstari hudhihirika.

ALAMA TATU ZA KABILA

Nyota hutambuliwa kwa alama tatu: urefu wa kipindi chake, ukubwa wa badiliko lake, na sura ya mstari wake. Alama moja peke yake haitoshi, kama vile rangi ya ng'ombe isivyotosha kumtambulisha mwenyewe.

Kwanza yafaa kuondoa zile zisizopwita. Iko nyota ya kaskazini iitwayo Algol, ambayo Waarabu waliiita kichwa cha zimwi. Kwa siku mbili na zaidi mwanga wake hukaa sawa, kisha hushuka kwa muda wa saa 5 na kupanda tena kwa saa 5 nyingine. Mstari wake ni kama barabara tambarare yenye shimo moja. Hiyo haipwiti, ni nyota mbili zizungukanazo, na ile hafifu hupita mbele ya mwenziwe na kuizuia nuru yake, kama katika kupatwa kwa jua. Basi mstari ulio tambarare kisha una shimo waonyesha kupatwa. Mstari usiotulia hata kidogo waelekea kuonyesha kupwita.

Katika zipwitazo, nyota za Sefidi zina kipindi cha tangu siku 1 hata siku 100 hivi, na badiliko lake kwa kawaida ni la nusu daraja hata daraja mbili. Nyingi katika hizo hupanda kwa haraka na kushuka polepole, mfano wa mtu apandaye ukuta kwa ngazi na kuteremka kwa mteremko mrefu. Eta Aquilae hupanda kwa siku 2 na kitu, lakini hushuka kwa karibu siku 5. Tena katika kushuka kwake pana kinundu kidogo, kana kwamba yasita kabla ya kuendelea. Mwaka 1926 Ejnar Hertzsprung wa Denmark alionyesha kwamba mahali pa kinundu hicho huhama kwa taratibu kadiri kipindi kinavyorefuka. Kwa hiyo kinundu hicho ni kama chale usoni mwa mtu: chatangaza kabila yake.

Kabila ya pili ni ya RR Lyrae. Hizi zina haraka. Humaliza safari yake kwa muda usiofika siku moja, na badiliko lake mara nyingi halizidi daraja moja. Ni nyota za kale, nazo hupatikana kwa wingi katika vishada vya nyota, kama kile cha Omega Centauri kionekanacho kusini mwa anga letu. Kwa macho matupu hazionekani, zataka darubini.

Kabila ya tatu ni ya Mira, nyota ambayo David Fabricius aliiona mwaka 1596. Kipindi chake ni siku 332 hivi, na katika muda huo hutoka katika hali ya kuonekana wazi, ikapotea kabisa machoni pa mtu asiye na darubini, kisha ikarudi. Mwaka Mpya uingiapo, yapata saa mbili za usiku, hupita nayo karibu na utosi wa mtu wa Thika; lakini kuiona au kutoiona ni kwa zamu yake yenyewe.

SABABU YA KUPWITA

Msomaji atauliza, nyota ina nini hata ivimbe na kunywea? Fikiri sufuria ya maji motoni, iliyofunikwa kifuniko. Mvuke hukusanyika chini ya kifuniko mpaka hukiinua. Ukiisha kutoka, kifuniko hushuka, na mambo huanza upya. Katika Sefidi kifuniko ni tabaka ya hewa ya helio iliyo karibu na uso wa nyota. Tabaka hiyo ikibanwa hupata moto na kuizuia nuru isipite, basi nguvu hukusanyika chini yake na kuisukuma nje. Ikiisha kutanuka hupoa, nuru hupita, na uzito wa nyota huirudisha ndani. Nyota kubwa huchukua muda mrefu kwa pumzi moja kuliko nyota ndogo. Na hapo ndipo penye hazina ya elimu hii.

MTAA MMOJA WA TAA

Simama usiku juu ya Kilima Mbogo, ukazitazame taa za Thika. Kwa kuwa mji wote u mbali nawe kwa kiasi kimoja tu, taa ionekanayo kali kuliko mwenziwe ni kali kweli. Bibi Henrietta Leavitt wa Harvard, katika Marekani, aliona jambo kama hilo mbinguni. Alizichungua picha zilizopigwa huko Arequipa, Peru, za mawingu mawili ya nyota yaitwayo mawingu ya Magellan, ambayo sisi pia huyaona upande wa kusini katika miezi ya Januari na Februari tukiwa mbali na taa. Mwaka 1908 alitangaza nyota geugeu 1,777 katika mawingu hayo. Mwaka 1912, kwa kutumia nyota 25 za wingu dogo, alionyesha kwamba kadiri kipindi kilivyo kirefu, ndivyo nyota ilivyo kali.

Maana yake ni hii. Ukihesabu siku za Sefidi, umeujua ukali wake wa kweli, kama usomaye nguvu ya taa katika maandiko ya kiwandani. Kisha ukiulinganisha ukali huo na jinsi ionekanavyo, wapata umbali wake. Kwa kuwa taa ikionekana hafifu mara nne kuliko mwenziwe wa nguvu ile ile, i mbali mara mbili. Mwezi wa Oktoba mwaka 1923 Edwin Hubble aliiona Sefidi katika wingu la Andromeda, yenye kipindi cha siku 31 na kitu. Kwa hesabu hiyo alithibitisha kwamba Andromeda si wingu lililo katika kundi letu la nyota, bali ni kundi jingine kubwa, mbali nasi kwa miaka ya nuru yapata 900,000.

KOSA LA KUCHANGANYA

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Kwa kipindi kile kile ziko Sefidi za namna mbili. Moja ni ya nyota changa na nzito, kama Eta Aquilae. Nyingine ni ya nyota kongwe na nyepesi, kama Kappa Pavonis iliyo katika kundi la Tausi, yenye kipindi cha siku 9. Zile kongwe ni hafifu mara nne hivi kuliko changa. Wataalamu walikuwa wamezitia zote katika faili moja, na kwa hiyo waliukadiria ukali wa zile changa kuwa mdogo kuliko ulivyo.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kwa kuwa umbali ulipunguzwa, umri wa ulimwengu nao ulipungua hata kuwa miaka milioni 2,000 hivi, ilhali mawe ya dunia hii yalionyesha umri mkubwa kuliko huo. Basi mtoto alikuwa amemzidi mama yake umri! Wakati wa Vita Kuu ya pili, taa za Los Angeles zilipozimwa kwa kuogopa adui, Walter Baade alipata giza jema la kuzichungua nyota za Andromeda kutoka mlima Wilson, akatambua kwamba nyota za namna ya kale na za namna changa zilikaa mahali mbalimbali. Baadaye, kwa darubini kubwa zaidi ya Palomar, alizitafuta nyota za RR Lyrae katika Andromeda asizione, ingawa kwa umbali uliokubaliwa zilipasa kuonekana. Mwaka 1952, katika mkutano wa Roma, alitangaza kwamba Sefidi zilikuwa za namna mbili, na kwamba umbali wa Andromeda na wa makundi mengine uongezwe kiasi cha mara mbili. Leo, baada ya masahihisho mengine, Andromeda yakadiriwa kuwa mbali kwa miaka ya nuru milioni 2 na nusu.

Ndiyo sababu sura ya mstari si jambo la kupitiwa. Kipindi peke yake hakikuweza kuzitenganisha kabila hizo. Zilitaka zitazamwe pia sura ya kupanda na kushuka, mahali pa kinundu, na mahali nyota ikaapo mbinguni. Faili moja lisilo sawa liliufanya ulimwengu wote kuwa nusu ya ukubwa wake.

UHURU KUTOKA NGOMENI

Nchi ya Kenya nayo ina sehemu yake katika habari hii. Tarehe 12 Desemba mwaka 1970, siku ya ukumbusho wa saba wa uhuru, chombo cha Marekani kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi, nacho kikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo miali ya eksirei, isiyopenya hewa ya dunia.

Mwaka 1971 chombo hicho kilionyesha kwamba nyota iitwayo Centaurus X-3 hupiga mapigo, moja kwa kila sekunde 4.84. Halafu mstari wake wa mwanga ukaonyesha jambo la pili: kila baada ya siku 2 na kitu mapigo yalikatika, yakarudi. Msomaji aliyekwisha kujifunza habari za Algol aweza kutoa hukumu mwenyewe: hiyo ilikuwa alama ya kupatwa. Yalikuwapo mambo mawili katika mstari mmoja. Na mapigo yale yasingeweza kuwa ya kuvimba kama Sefidi, kwa kuwa nyota ya kawaida ni kubwa mno kwa haraka ile. Ni nyota ndogo yenye uzito wa ajabu, izungukayo kwa upesi na kumulika kama mnara wa bandarini, nayo yaizunguka nyota kubwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi zake katika elimu ya miali ya eksirei itokayo mbinguni.

KAZI ILIYOSALIA

Mtu aweza kusema kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa sasa mitambo huifanya. Ni kweli kwamba chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, kilitoa mwaka 2022 orodha ya nyota geugeu zaidi ya milioni 10, zilizogawanywa na mashine kwa kabila. Katika hizo Sefidi zilikuwa 15,000 hivi, na za RR Lyrae yapata 271,000. Lakini mashine hizo zilifundishwa kwa alama zile zile tatu: kipindi, ukubwa wa badiliko, na sura ya mstari. Tena nyota zing'aazo sana huisumbua mitambo mikubwa, kama jua la mchana lisumbuavyo macho. Nazo hufaa kutazamwa na watu. Chama cha watazamaji wa nyota geugeu cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea maandiko ya watu wasio wataalamu kutoka nchi nyingi. Na kwa kuwa usiku wetu huingia wakati Amerika ingali mchana, mtazamaji wa Afrika ya Mashariki huona yale ambayo wenzake wa ng'ambo hawawezi kuyaona saa hiyo.

Shida ya Kiandutu ni taa. Nuru ya mji na viwanda vya Thika hulififiza anga, na zile taa ndefu ziitwazo mulika mwizi, zilizosimamishwa katika mitaa mingi ya Kenya, huzifuta nyota ndogo kabisa. Hapana mtu mwenye akili atakaye ziondolewe, kwa kuwa zawasaidia akina mama na watoto warudio nyumbani usiku. Lakini nyota za daraja ya nne bado zaweza kupatikana kwa ajifichaye nyuma ya ukuta na kuyapa macho yake robo saa ya giza. Na usiku umeme ukatikao, badala ya kunung'unika tu, atoke nje na daftari lake.

Siku 40 si nyingi. Mkulima hungoja zaidi ya hizo apate mahindi, na karani hungoja karibu hizo apate jibu la barua. Mwisho wa siku hizo mtu atakuwa na mstari wa mwanga alioupata kwa macho yake mwenyewe, wenye kupanda kwa haraka na kushuka polepole. Naye ataijua kabila ya nyota yake kwa sababu ameiona, si kwa sababu ameambiwa.